Safari ya Kuzimu kwa Kinanda

Levina alirudi Tabora jembe begani, baada ya mwezi mzima wa kupalilia tumbaku peke yake kule Usinge. Alimkuta mumewe Damas amekaa kitini, shati limenyooshwa, vidole juu ya kinanda. Habari za shamba hakuuliza. Msanii ana muda gani wa magugu?

"Sikiliza, mama Festo! Ala tupu, hakuna maneno. Ni kisa cha mungu wa kike wa Wasumeri wa kale. Alishuka kuzimu, na kwenye kila lango walinzi wakamvua pambo, mpaka akabaki uchi. Hapa kinanda kinalia. Hapa sasa anarudi, ngoma zinarindima!"

Levina alisikiliza, miguu imejaa vumbi. Muziki ulikuwa mtamu, haki ya Mungu.

"Hakuwa na mume?"

"Alikuwa naye," Damas alijibu, akifurahi kwamba mkewe hatimaye ameanza kupenda sanaa. "Alimkuta kwenye kiti cha enzi, amependeza, hana habari."

"Akamfanyaje?"

Damas alipunguza sauti. "Akamtoa ashuke kuzimu badala yake. Ila kipande hicho bado sijakitunga."

"Utakitungia Usinge, baba Festo," Levina alisema, akalaza jembe juu ya kinanda.