Nani Atamlipa Mzee Laurian

...na mkono ukishapanda haushuki, Laurian alijiambia, ukiushusha watasema umeogopa, basi akauacha hewani pale kwenye ukumbi wa Ikungi, na yule kijana wa serikali kutoka Dar, mwenye tai nyekundu na jasho puani, hauoni, au anauona na kujifanya hauoni, anaendelea tu, "wazee wetu, shikamooni tena, pensheni zinachelewa kwa sababu wastaafu mnaongezeka, walipa kodi ni walewale, na siku hizi, tumshukuru Mungu, mnaishi sana"... tumshukuru Mungu, kasema hivyo kwa uso wa mtu aliyefiwa, mnaishi sana, kana kwamba kuishi ni tabia mbaya waliyoiokota uzeeni, sasa wafanyeje, wapange zamu ya kufa, aanze Mughwai hapa kando anayekoroma, lakini Mughwai alikuwa tarishi, pensheni yake kiduchu, akifa serikali haitaona nafuu yoyote, heri afe bwana mifugo, yaani yeye Laurian, aliyeogesha ng'ombe wa watu kule Mungaa ujana wake wote, dawa bure, josho la serikali, na leo josho limekauka, mbuzi wanalala humo, eti soko huria, kila mtu ajinunulie dawa yake, na kupe nao wamekuwa huru... hayo ndiyo atakayomwambia, kijana, maziwa yaliyokukuza yalitoka kwa ng'ombe aliyeogeshwa na nani, ingawa huyu huenda alinyweshwa ya kopo... "pensheni haidondoki kutoka mbinguni, wazee, inatoka kwa mama anayeuza nyanya, kwa kijana anayeuza mkaa, inatoka kwenye kodi na ushuru"... ushuru, neno likamgeuza shingo, maana dirishani, juani, anamwona Dorkas binti yake kaishika baiskeli akimsubiri, nyuma kafunga gunia la mashudu, makapi ya alizeti ya kulishia ng'ombe, na katikati ya mashudu limelala dumu la mafuta ya alizeti kama mtoto aliyefunikwa, ili watoza ushuru pale kizuizini wasilione, na nani alimfundisha, si yeye mwenyewe, jana, akicheka hadi machozi, "mashudu hayatozwi, mwanangu, yazike mafuta humo," na akajiona mjanja kuliko serikali nzima... kumbe serikali hiyohiyo ndiyo ya kumlipa, kaja kuifokea kwamba mfuko wa pensheni umetoboka, na tundu liko kwake nyumbani, loo, basi atamwambia Dorkas alipe, lakini anamjua, atasema, "Baba, kama hela ni yako si nikupe mkononi, kwa nini iende Dar ikapungue njiani?" na kweli, sukari si ananunua Dorkas, betri za redio si Dorkas, hanyimi, lakini hukohoa kwanza, na siku hiyo tumbaku hainogi, unaivuta kama umeiiba, wakati hela ya pensheni haikohoi, imetoka kwa watu wengi usiowajua, hakuna hata mmoja wa kukusuta, ukiipata unaingia dukani kwa Miraji kifua mbele, wajukuu peremende, na unamgeukia Dorkas, "na wewe mwanangu, chukua soda"... ndicho anachokililia, si sukari, ni kumwambia binti yake achukue soda, na soda yenyewe, ajabu, imelipiwa na binti wa mtu mwingine, huko Iguguno labda, aliyeliweka dumu lake wazi mbele ya mtoza ushuru, akalipa huku kanuna, bila kujua kuna mzee Ikungi...

"Mzee wa koti, naona umenyoosha mkono muda mrefu. Karibu."

Ukumbi mzima ukageuka. Mughwai akazinduka, akamsukuma kiunoni. "Mpe, Laurian! Mpe zake!"

Laurian akasimama. Ya josho, ya kupe, ya maziwa, yote aliyoyapanga mdomoni yakatawanyika. Kule nje Dorkas alimwona baba yake kasimama mbele ya wakubwa, akatabasamu kwa fahari, akaisogeza baiskeli dirishani apate kusikia vizuri.

"Marahaba, mwanangu," Laurian akasema. "Mimi nilitaka kuuliza tu... ushuru wa dumu moja la mafuta, mtu akitaka kuulipa leo hii, amwone nani?"

Watu wakaangua kicheko. Mughwai akafumba macho arudi kulala. Dirishani tabasamu la Dorkas likazimika taratibu, akapanua khanga yake juu ya gunia kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe, naye Laurian akabaki amesimama, akisubiri jibu kwa dhati.