Sanda ya Bi Mwatime

Tangu Juni ya mwaka 2002, kazi ya Vuai ilikuwa kusimama kutwa katika chumba cha tatu cha jumba la makumbusho, akilinda vitu walivyozikwa navyo wafalme wa Misri visiguswe. Aliifanya vizuri. Kwa miezi minne hakuna aliyegusa chochote, isipokuwa mama mmoja aliyegonga kioo kwa kidole kuhakikisha kama ni kioo. Kilikuwa kioo.

Nyumbani kwake, Hyattsville huko Amerika, aliyegusa alikuwa yeye.

Mambo yalianza Januari ya mwaka huohuo. Barafu ilikuwa ikiganda kila asubuhi kwenye kioo cha mbele cha gari, na jirani akamshauri akifunike kwa kitambaa jioni. Vuai akatafuta kitambaa. Kwenye sanduku la kijani chini ya kitanda cha mama yake alikuta bafta nyeupe imekunjwa vizuri, haijashonwa, haina kazi. Akaitandaza juu ya gari. Asubuhi ilikuwa imegandia kioo, na alipoivuta, sehemu ikabaki garini. Ndipo ikamjia harufu ya kafuri, naye akafahamu. Ilikuwa sanda. Bi Mwatime aliinunua Makka mwaka aliohiji, akaiosha kwa maji ya zamzam, akasafiri nayo Unguja, kisha Amerika, ili siku yake ikifika asimsumbue mtu.

Vuai aliikausha, akaikunja, akaitia kwenye buti la gari. Huko ilikaa miezi tisa, naye akangoja maneno ya kusema yamjie.

Kila mwaka Shaaban ikiandama, Bi Mwatime huitoa sanda yake, akaianika na kuifukiza udi. Mwaka huu mwezi ulitazamiwa kuandama Jumatatu. Jumapili, siku ya mapumziko ya Vuai, mama yake akasema anataka kwenda kuwaona hao mafirauni kabla hawajarudishwa kwao.

Mlangoni mwa chumba cha tatu alikuwa zamu Cosmas, Mkenya wa Kitale.

"Vuai, hata off unakuja job? Na huyu ni mathe?"

"Mama yangu."

"Shikamoo, mama. Karibu. Hawa wazee hawana maneno, ni kulala tu."

"Marahaba, baba," alisema Bi Mwatime. "Wafanyeje, na wamekufa."

Alianza kabati la kwanza, akatazama kila kitu kwa zamu yake. Kwenye safu ya vinyago vya udongo, kila kimoja na jembe lake, akasimama.

"Hawa nani?"

"Watumishi. Wamfanyie kazi mfalme huko ahera."

"Kafa, bado anataka kulimiwa?"

"Ndivyo walivyoamini."

"Mh. Na mitungi hii minne?"

"Ya maini yake, mapafu, tumbo na matumbo."

"Maini yamo?"

"Hayamo tena, mama."

Bi Mwatime alitikisa kichwa kama mtu aliyekuta jiko halijafagiliwa. Kabati lililofuata lilikuwa na kitambaa cha kitani kilichokunjwa, rangi ya chai ya maziwa. Alikiinamia kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo sanda yake?"

"Ndiyo. Ina miaka elfu tatu na zaidi."

"Haina hata tundu. Nani aliyemfungulia?"

"Wataalamu."

"Walimwomba ruhusa?"

Vuai alimtazama Cosmas, na Cosmas akatazama dari. Kwa miezi minne watu walikuwa wamemuuliza choo kiko wapi na dhahabu ni kilo ngapi. Hili hakuna aliyemuuliza.

"Mama," alisema, "na yako imefunguliwa."

Alimweleza yote kwa mpangilio: barafu, jirani, sanduku, kafuri, buti. Hakuruka kitu. Bi Mwatime hakuondoa macho kwenye kitani.

"Gari liliwaka?"

"Liliwaka."

"Ukawahi kazini?"

"Nilichelewa robo saa."

"Kumbe hata haikufaa," alisema mama yake. "Twende ukanioneshe."

Nyumbani aliitandaza kitandani. Alitoa kipande kimoja kimoja, akanusa, akapima kwa mkono wake kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, akatenga vilivyochanika. Vuai alisimama karibu na ukuta, mikono nyuma, kama yuko zamu.

"Nguo tatu zinatoka," alisema mwishowe. "Mwanamume huzikwa kwa tatu, mwanamke tano. Ningekuwa baba yako, leo ungesalimika."

"N'takununulia nyingine, mama. Kamili."

"Sitaki nyingine. Hii imeoshwa zamzam. Utanunua bafta ya nguo mbili, utamwomba anayekwenda Umra akuletee maji, utaiosha wewe kwa mkono wako. Mpaka hapo mimi sifi. Usinicheleweshe robo saa."

"Inshallah, mama."

Akaikunja, akairudisha sandukuni. Kisha akamtupia kanga yake kuukuu. "Hii ya gari. Na andika kikaratasi kama vile vya kazini kwako, ukibandike hapa, maana naona bila karatasi hamjui kitu."

Vuai akakaa mezani, akaandika kwa herufi kubwa, akasoma mara mbili, akabandika juu ya kifuniko:

SANDA. Bafta. Makka, Unguja, Hyattsville. Nguo tatu kati ya tano. Mali ya Bi Mwatime, ambaye yuko hai. Tafadhali usiguse.