Pumzi ya Bernadine

Asubuhi za Januari, kabla jua halijapanda juu ya misonobari ya Mto Manistee kule Michigan, Tad Kubiak alikuwa na desturi ya kulaza fimbo zake za kuvulia juu ya viti viwili vya jikoni, mashikio upande wa jiko na ncha upande wa mlango, kisha kumwita dada yake. Bernadine alitoka chumbani na koti la kuogea na soksi za sufu, akainama, akapuliza kila kipete cha kupitishia mshipi cha kila fimbo, kuanzia kile kikubwa kilicho karibu na mkono hadi kile kidogo cha nchani, taratibu, kama mtu anayetaka kufuta miwani. Halafu akaenda kunywa kahawa. Vipete alivyopuliza havikushika barafu mpaka jua lilipozama.

Kila anayevua kule majira ya baridi anajua hilo ni jambo kubwa. Mshipi unarudi kutoka mtoni umebeba maji, maji yanaganda kwenye vipete, tone juu ya tone, mpaka tundu linaziba na mshipi unagoma, hauendi mbele wala nyuma. Watu wamejaribu kila dawa. Wapo wanaopaka mafuta ya midomo. Wapo wanaopulizia mafuta ya kukaangia, kwa hiyo boti zao zinanukia mayai siku nzima na njaa inawauma kabla ya saa tatu. Wapo wanaotumbukiza ncha ya fimbo mtoni, maana maji yana joto kuliko hewa. Na wapo wanaoinyonya barafu kwa midomo. Orville Stensrud, mwongoza wavuvi wa kulipwa kama Tad, alinyonya hivyo siku moja, chuma kikabaki na ngozi ya mdomo wake wa chini, na tangu hapo hajaweza kupiga mluzi. Dawa zote hizo hukupa nusu saa. Pumzi ya Bernadine ilikupa siku.

Hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu. Waliliona kuwa bahati ya Tad.

"Leo umemleta dada yako kwenye chupa au kwenye kopo?" Orville alimuuliza pale boti zinaposhushwa majini. "Niazime basi, hata Jumapili moja tu."

"Wewe si una mke?"

"Wangu anapuliza moto, na anaupuliza upande wangu."

Mambo yalianza zamani, Bernadine akiwa msichana mdogo. Alihemea kioo cha basi la shule na kioo kile hakikuganda tena mpaka basi lilipouzwa kama chuma chakavu. Baba yao, mzee Kubiak, hakuwa mtu wa kuacha kitu kipotee bure. Wiki ileile akampa fimbo apulize. Tangu hapo, baba na Tad walikwenda kuwavua samaki wakubwa aina ya trauti wanaopanda mto kutoka Ziwa Michigan, wale ambao watu wa huko huwaita vichwa-chuma, na ukishawahi kupigana na mmoja huulizi kwa nini. Bernadine alibaki nyumbani. Aliomba kwenda. Mzee akamwambia, "Wewe ukishika fimbo, nani atapuliza?" Yalikuwa maneno ya kipuuzi, maana mtu anaweza kupuliza kisha akashika, lakini yalisemwa kwa sauti ya baba, na katika nyumba ile sauti hiyo ilitosha. Mzee alipokufa, Tad alirithi boti, fimbo, na maneno hayo pia.

Kisha Bernadine akaanza kupoa.

Haikuwa ghafla. Mwanzoni alivaa sweta mwezi wa Julai. Baadaye siagi ikawa haiyeyuki mkononi mwake, na paka aliyekuwa akilala mapajani pake akahamia kwa Tad, bila ugomvi, kama mpangaji aliyepata nyumba nzuri zaidi. Theluji ilimwangukia nywele na ikakaa hapo hadi jioni, hata akiwa ndani. Kila masika alipata joto kidogo, na kila masika lilikuwa pungufu ya lile la mwaka uliopita. Tad aliyaona yote hayo, hasa lile la paka. Lakini majira ya baridi ndipo waongoza wavuvi wengine hukaa bila wateja, maana nani atasafiri kutoka Chicago aje kushindana na barafu. Na majira hayohayo boti ya Tad haikukosa watu. Akajiambia kwamba msimu ukiisha atamwambia aache. Msimu uliisha mara nyingi.

Jumamosi moja ya Februari, Daktari Feldkamp, mtabibu wa meno ambaye alikuwa mteja wa Tad tangu alipokuwa bado na nywele, alifika peke yake. Rafiki aliyepaswa kuja naye alikuwa kalala na homa. Bernadine akamaliza kupuliza fimbo, akaingia chumbani, akatoka amevaa ile suruali ya mpira ya marehemu baba yake inayofika kifuani, ameikaza kwa mkanda, na mkononi ana fimbo ya akiba.

"Unaenda wapi?" Tad akauliza.

"Kuna kiti kitupu."

"Dada, huko nje kuna baridi."

Bernadine akakaza mkanda tena. Feldkamp akacheka, halafu akaacha.

"Na supu je?"

"Iko jikoni inachemka. Supu haitaki kutazamwa usoni, Tad."

Feldkamp akampa mkono kumpandisha kwenye boti. Akakishika kifundo cha mkono wake kama madaktari wafanyavyo, hata wale wa meno.

"Bi Bernadine, mkono wako kama kitu kimetoka kwenye friji."

"Ndivyo wasemavyo."

"Unakula vizuri lakini?"

"Nakula."

"Haya." Akamsogezea fimbo yake. "Basi nipulizie tena hapa nchani. Naona leo ulipapita harakaharaka."

Bernadine akampulizia. Kisha akageukia fimbo ya akiba, ambayo hakuwa ameigusa jikoni, akapuliza vipete vyake kimoja kimoja. Asubuhi ile vinywa vyote mtoni vilitoa mvuke kama mabomba ya moshi. Hata mbwa wa Orville kwenye boti ya jirani alitoa wake. Kinywani mwa Bernadine hamkutoka kitu. Tad aliona. Akainama kushughulika na nanga, ingawa nanga haikuwa na shida yoyote.

Waliteremka na mto hadi kwenye kona ambako maji yanapungua kasi. Bernadine akarusha. Kiboya kilitua mahali Tad mwenyewe angekitupa, na kikaelea bila kuvutwa.

"Nani alikufundisha?" Tad akauliza.

"Wewe. Kupitia dirishani. Nikajizoeza na kamba ya kuanikia nguo."

Alirusha tena, na tena, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Tad hakuwa amekiona tangu wakiwa watoto. Haikuwa furaha hasa. Ulikuwa uso wa mtu anayekaa kwenye kiti alichokuwa akikifuta vumbi miaka yote. Tad alifikiri: kesho nitamchukua tena. Alilifikiri kwa dhati kabisa.

Halafu viboya vyote viwili vikazama kwa pamoja.

Samaki wa Feldkamp akakimbilia upande wa boti. Wa Bernadine akashuka na mto, na mshipi ukatoka ukilia, kisha ukaacha kulia. Kwenye kipete cha nchani palikuwa na donge la barafu lenye ukubwa wa punje ya mahindi, jeupe, limeubana mshipi.

"Tad! Imeganda!" Akaizungusha ncha ya fimbo ndani ya boti hadi mbele ya uso wa kaka yake. "Weka mdomo!"

"Wavu, Tad!" Feldkamp naye akapiga kelele. "Huyu hapa, wavu!"

Kipete kilikuwa karibu na midomo ya Tad kiasi kwamba angeweza kuhesabu mistari ya barafu. Ilitosha kugeuza shingo. Lakini yule mwingine alikuwa mteja, na wateja huzungumza wakirudi mjini. Tad alikuwa na mikono miwili na kinywa kimoja, na vyote vitatu vikaenda kwa mteja, akachukua wavu, akainama upande wa pili, akawa anasema, "Taratibu daktari, mlegezee, hivyohivyo."

Mshipi wa Bernadine ulikatika kwa mlio mdogo, kama tambi mbichi ikivunjwa.

Samaki wa Feldkamp alikuwa wa kadiri. Walimpiga picha kabla ya kumrudisha majini. Bernadine ndiye aliyepiga.

"Wako alikuwa mkubwa?" Feldkamp aliuliza kwa adabu.

"Alikuwa mkubwa," akasema Bernadine. Akaweka fimbo chini na hakurusha tena siku hiyo.

Jioni ndugu hao wawili walikula supu. Ya Bernadine ilifanya utando wa barafu kila alipokaa kidogo bila kukoroga, naye aliuvunja kwa kijiko na kuendelea kula. Tad alitafuta namna ya kuanza. Alipoipata ilikuwa nusu tu.

"Ningeweza kugeuka," akasema.

"Ungeweza."

"Basi kesho usipulize, dada. Fimbo zigande zinavyotaka."

Bernadine akaweka kijiko. Alimtazama kwa makini, kama mtu anayejaribu ubao wa daraja kabla ya kuukanyaga.

"Na wale wateja wanne wa kesho?"

Swali lilikuwa rahisi. Jibu lake lilikuwa rahisi pia, lilikuwa neno moja au mawili, na Tad alikuwa nalo tayari ulimini. Alifungua kinywa. Mvuke wa supu yake mwenyewe ukapanda kati yao, yeye akiutazama. Aliwaona wale wanne wakisimama ukingoni mwa mto, fimbo zao zimekuwa vijiti vya barafu, na Orville akiwakaribisha kwenye boti inayonukia mayai. Akafunga kinywa.  

Bernadine akainuka, akaondoa bakuli, akavuta viti viwili kutoka mezani, akalaza fimbo za kesho.

"Afadhali nimalize sasa," akasema. "Siku hizi asubuhi sina pumzi ya kutosha."

Akainama kwenye kipete cha kwanza. Ilimbidi apulize mara tatu pale ambapo zamani mara moja ilitosha, na macho yake hayakuona vizuri vile vidogo vya nchani. Tad alijuta kuliko alivyowahi kujuta maishani. Akaondoka mezani, akachukua taa, akaja kumshikia karibu ili aone.