Moyo Uliopewa Foronya

Saa mbili na robo asubuhi mama dobi wa hospitali alijitwika furushi la mashuka, akaanza kupanda ngazi kwenda ghorofa ya nne. Lifti ilikuwepo. Ilijaa viti vya zamani vya mkurugenzi, vikingoja aamue kama bado anavitaka, na huu ulikuwa mwaka wa sita anaamua.

Ghorofa ya pili moyo wake ulimtoka kifuani, ukaketi ngazini, ukahema.

"Haya, mimi natangulia," akauambia. "Usije ukalala hapo."

Hakuwa na wasiwasi nao. Walikuwa pamoja miaka sitini na saba. Waume wawili waliwapitia na kuwaacha vilevile.

Shida ilikuwa saa. Msimamizi wa madobi, kijana mwenye kalamu nne mfukoni, aliwavalisha wafanyakazi wote saa za kuhesabu mapigo ya moyo, ajue nani anajituma na nani anategea. Ya mama dobi haikuvuka mia hata siku moja, na moyo ukishuka njiani ilisimama kabisa.

"Shangazi, wenzio wanafika mia na sitini. Wewe unapanda ngazi au unaota jua?"

"Mashuka yamefika au hayajafika?"

"Mimi naangalia saa. Hivyo vidonge vyako vya presha ndivyo vinakulegeza. Viache, la sivyo mwezi ukiisha nakutoa kazini."

Mama dobi akaenda kwa daktari. Daktari akampandisha kwenye ile mashine ya kutembeza watu bila kuwafikisha popote, siku moja amemeza kidonge, siku nyingine hajameza. Akampandisha na dobi mdogo, binti wa miaka ishirini na miwili, aliyekuwa akimeza vidonge hivyohivyo kwa ajili ya kipandauso. Bila kidonge binti alifika mia na themanini. Na kidonge, mia na thelathini. Mama dobi bila kidonge alifika mia na nne. Na kidonge, tisini na sita.

Vipimo vilipokwisha, moyo wa mama dobi ulishuka ukaketi kwenye kiti cha pembeni, unasikiliza.

"Kidonge huuziba moyo masikio, usisikie makelele ya kukimbizwa," daktari alisema. "Wa binti ulikuwa unasikia vizuri, ndiyo maana ulipozibwa ukatulia sana. Huu wako, shangazi, ulishakuwa mzito wa kusikia. Kidonge kimekuta masikio yameziba nusu."

"Na ngazi moyo huu unazipandaje?" mama dobi aliuliza.

"Haukimbii. Unapiga pigo kubwa zaidi. Ukichoka, unashuka. Vidonge usiache."

Daktari akamwandikia msimamizi barua. Msimamizi aliisoma mara mbili, akatoka nayo mpaka ghorofa ya pili, akaukuta moyo umeketi.

"Kumbe mko wawili," alisema.

Kesho yake moyo ukapewa saa yake na furushi dogo la foronya. Sahani ya chakula cha mchana ikabaki moja. Juma hilo lifti ilifunguliwa, ikaingizwa na meza ya mkurugenzi.

Moyo ulipanda polepole, na haukuangusha foronya hata moja. Mwisho wa mwezi orodha ya wategeaji ilibandikwa mlangoni. Mama dobi alikuwa wa kwanza, moyo wake wa pili, na chini yao imeandikwa kwamba wameongezewa mwezi mmoja wajirekebishe. Mama dobi aliusomea moyo kwa sauti, maana wenyewe haukwenda shule.

Kisha wakajitwika.