Majani ya Kipande cha Tatu

Jumatatu saa tatu asubuhi mtaalamu wa malisho wa kituo cha utafiti alipima majani kama kawaida: kata, acha kimo cha kiganja juu ya ardhi, funga mzigo, tundika kwenye mzani. Kipande cha kwanza kilikuwa na matete, marefu na yenye majivuno. Cha pili kilikuwa na nyasi za Rhodes. Cha tatu, kilichopandwa nyasi za brachiaria, kilikuwa kitupu. Majani yake yalikuwa yamevuka barabara.

Yalikwenda kwa bibi jirani. Kipande cha tatu kilikuwa shamba lake hadi mwaka ule mpimaji wa ardhi alipokosea mawe ya mipaka kwa hatua arobaini, na kituo cha utafiti kikazungushia waya kabla bibi hajamaliza kulalamika. Tangu hapo ng'ombe wake wa pekee aliishi kwa maganda na huruma za watu. Mwaka huu mvua zilipokatika, alizaa akiwa mifupa mitupu. Maziwa hayakutoka, na ndama akashindwa kusimama.

Jumatatu hiyo majani yalijipanga mstari uani kwa bibi, yakatulia, yakaliwa. Saa tisa alasiri yalirudi kituoni yakiwa kimo cha kiganja, kama maelekezo yanavyotaka.

Wiki ya pili ndama alikuwa akirusha mateke. Bibi alilia kwa furaha, wala hakuona haya, akabeba chupa ya maziwa hadi kituoni. Mtaalamu alikunywa, akafuta mdomo, akaenda kupima maziwa ya yule ng'ombe, maana takwimu ni takwimu. Ng'ombe wa kituo aliyelishwa matete alitoa lita sita, wa Rhodes saba, wa bibi tisa. Akaandika kwamba brachiaria ndiyo bora, ingawa mavuno hupungua kidogo kwa sababu ya safari.

Bibi alimshukuru sana. Kisha, alipoona mtu ana moyo mzuri, akaulizia yale mawe ya mipaka. Mtaalamu alisema hayo yako chini ya ofisi nyingine.

"Ila kuna jambo moja, bibi," aliongeza kwa upole. "Majani yakija kwako, mizizi inadondosha udongo. Ule ni mali ya kituo. Tunaomba uwe unaurudisha."

"Nitauleta, mwanangu. Mmenisaidia mno."

Sasa kila alasiri bibi hufagia ua, hujaza udongo kwenye beseni, hujitwika na kuvuka barabara nyuma ya majani. Mlinzi humfungulia lango na kuandika saa aliyoingia. Bibi huenda moja kwa moja pale alipokuwa akipanda maharage. Humshukuru mlinzi kwa moyo wote, maana kwa miaka tisa hakupakanyaga, na sasa anaruhusiwa kusimama hapo mpaka beseni liishe.

Humwaga udongo konzi moja moja, bila haraka.