Mwanamke wa Kitabu cha Rajabu

Kitabu chenyewe kilisifiwa, kilipewa tuzo, kilibandikwa nyota ya dhahabu kwenye jalada, na kwa Salama kilikuwa mateso matupu. Habari za zamani za Mjerumani: vibarua wanachonga barabara ya kupanda milimani. Sasa mtu angedhani barabara itachongwa, tuendelee. Wapi! Karani anapima kilima. Anakunja kamba. Anakunjua kamba. Mvua inanyesha, karani anasubiri ikatike, na wewe msomaji subiri naye, kana kwamba huna shamba wala kuni za kutafuta.

Lakini angekiachaje? Kilikuwa cha Rajabu, mwanawe wa pekee. Rajabu alikuwa kibarua wa chai upande wa Amani. Shamba likapata tajiri mpya, watu wakapunguzwa, naye akarudi nyumbani Soni na sanduku la bati na kitabu hicho.

"Mama, humu umo," alimwambia siku ya Idi. "Kuna mwanamke mmoja, wewe mtupu. Mwanzo wake mzito, vumilia tu."

"Mwanamke gani? Anafanya nini?"

"Nikikwambia, utasoma nini tena?"

"Kwani kitabu kinajaza tumbo?" Salama akamfokea. "Siku hizi kila kitu ruksa, wenzako wanapeleka kabichi Dar na kurudi na redio, wewe umekaa na makaratasi!"

Rajabu akacheka. Wiki hiyohiyo akaenda migodini kujaribu bahati, na huko kifusi kikamfunika.

Hilo neno la tumbo ndilo lililomtafuna Salama. Alikuwa mkali, kila mtu anajua. Hata chakula alimpakulia mwanawe kwa maneno, kisha akampa mgongo na kuchochea moto. Sasa Rajabu alimwona humo mwanamke gani? Mama wa kambo? Zimwi? Alitaka kujua mwanawe aliondoka akimfikiriaje, na wa kumuuliza alikuwa chini ya udongo.

Basi akasoma. Salama alijua kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa Mwalimu Kornelio aliyeshika fimbo ingawa wanafunzi wake walikuwa na wajukuu. Sheria yake ilikuwa moja: hujamaliza somo, hufungui la mbele. Aliyeruka mstari alirudishwa mwanzo, mbele za watu. Kwa hiyo wazo la kupekua mbele amtafute huyo mwanamke halikumjia kabisa. Alisoma kwa kidole na kwa sauti, neno kwa neno, na alipochoka aliweka kipande cha ganda la mgomba, akafunga.

Maharage yakapandwa, yakapaliliwa, yakavunwa. Karani bado yuko kilimani. Mwanamke hakuna. Hata tetea!

"Wifi, unajimaliza," Hawa, dada wa marehemu mumewe, alimwambia. "Huli, huongei, macho yamekuwa mekundu. Mtoto alikuwa anakutania tu. Vijana si unawajua?"

 Neno lile lilimkaa Salama moyoni. Jioni ile akafungua kitabu, na karani, jamani, akagundua kamba yake ilikuwa imelowa ikapungua urefu, hivyo akaanza kupima kilima upya. Salama akalia kwa hasira. "Rajabu, umenicheza shere! Mama yako mzazi!" Akaweka lile ganda, akafunga, na asubuhi akateremka stendi kwa Elinuru, mama muuza karanga, ambaye siku hizo alihangaika kupata karatasi za kufungia.

"Una hakika, dada?" Elinuru aliuliza. "Kina nyota."

"Chana."

Kesho yake Salama alipita pale na tenga la kabichi kichwani.

"Onga mshi!" Elinuru akamwamkia kwa Kisambaa, akamsogezea kifurushi cha karanga. "Shika, ya bure hii. Kitabu chako kimeniokoa. Basi la Tanga limezikomba karanga zote, hiyo ndiyo imebaki."

Salama akatua tenga, akakaa, akala. Kisha akainyoosha karatasi gotini, kidole kikaanza chenyewe, mazoea ya kisomo.

"Mvua ilikatika. Mpishi wa vibarua alikuwa mama mmoja mwenye ulimi wa pilipili. Alimpakulia mwanawe huku akimtukana, kisha akampa mgongo, akajifanya anachochea moto, ili mtoto asimwone anavyolengwalengwa na machozi. Mtoto alikuwa anajua. Siku zote alikuwa anajua. Asubuhi ya kuondoka alimshika mama yake mkono, akamwambia"

Karatasi ikaishia hapo.

"Elinuru! Hii umeichana wapi?"

"Pale kilipojifungua chenyewe. Palikuwa na ganda la mgomba, nikaanzia hapo kwenda mbele."

"Na iliyofuata?"

"Si nimekwambia basi limekomba?"

Salama akakipora kitabu. Kurasa zilizosalia zilianzia mbali: barabara imekwisha, Mjerumani amekwenda zake, mpishi amekwisha kuzikwa. Akaacha kabichi palepale, akashika barabara ya Mombo, lilikoelekea basi, mbio, mwanamke mzima, ushungi begani, kwa sababu abiria wakishakula karanga hutupa karatasi dirishani.

Hawa alimkuta kwenye kona za chini, manyunyu yanamnyeshea, khanga imejaa karatasi za matope.

"Wifi, twende nyumbani."

"Alikuwa anajua, Hawa! Mwanangu alikuwa anajua!" Salama alikuwa analia waziwazi. "Lakini alimwambia nini? Alimwambia mama yake nini?"

 Salama akainama mtaroni, akaokota nyingine, akaipangusa kwa kiganja, akaweka kidole.

"Karani alikunja kamba," akasoma kwa sauti, na hakuruka hata neno.