Bakuli Lililokaa Upande

Mimi kazi yangu Guangzhou ni kukagua mizigo ya watu, mwaka wa kumi na sita huu, na jicho langu halijapata mpinzani. Kiatu kikipinda hata kidogo nakikataa, tena nakichana kwa wembe mbele ya laoban, bosi mwenyewe. Pale soko la viatu la Zhanxi ukikiacha kizima, wanakirudisha kisirisiri, utakikuta Dar chini ya boksi.

Basi Bi Swalha wa Unguja akanitumia picha ya zamani ya bakuli la chai. Mumewe, Burhani, alilinunua huku, akalinywea miaka ishirini mpaka anakufa.

"Hata arobaini yake haijafika, paka kaliangusha," alisema. "Haidar mwanangu, nitafutie aliyelifinyanga anifanyie jingine kama hilo. Sina haja nyingine China nzima."

Nikampata Liang, nyuma ya soko la vitambaa la Zhongda. Ufinyanzi alijifunza Japani. Jengo lake linavunjwa, na tanuri alikuwa analiwasha mara ya mwisho. Aliitazama picha, akasema analikumbuka.

Jumatatu nikaenda kuchukua. Lahaula! Bakuli limekaa upande. Rangi ya majivu imetiririka ikaishia njiani, chini udongo mtupu. Ubavuni kuna kibonyeo, kama mtu kalishika bado bichi. Kweli, la kwenye picha nalo lilikuwa hivyo, lakini mimi nilidhani ni uzee. Sasa mjane wa watu nimpelekee kilema? Rafuni palikuwa na jingine, duara safi, linang'aa. Nikachukua hilo. Lile la kwanza nikalipiga sakafuni, ndio utaratibu wetu, huku narekodi video ili mteja aone hatuchezi.

Liang alikwenda kuleta ufagio.

Nikamtumia video hapo hapo, na Bi Swalha akajibu kwa ujumbe wa sauti. Afadhali angenitukana.

"Haidar, hapo penye kibonyeo ndipo Burhani alipokuwa akiweka kidole gumba. Tangu afe, na mimi nilikuwa naweka changu papo hapo." Namsikia anavuta pumzi. "Hebu nitazamie, baba. Pande hilo limepona?"

Nikapiga magoti kwenye takataka za Liang, mtu mzima na ndevu zangu. Limepona. Niliweka kidole gumba changu, kikakaa, nikakitoa haraka. Niliona aibu, wallahi.

Nikalifunga pande lile kwa nailoni ya mapovu, tabaka tisa. Kwenye karatasi ya ukaguzi, palipoandikwa "dosari", nikajaza: hakuna.